Kambale wa Bi Sikudhani

Ukifika Bungu ukitaka kumjua Bi Sikudhani, usiulize anauza nini. Anauza korosho za kukaanga pembeni mwa lami, kama wanavyouza wanawake wengine pale kituoni, na korosho zake hazina utamu wa kuzidi za wenzake. Mara nyingine zimeungua. Uliza alipona nini. Hapo watu wataacha shughuli zao wakuelekeze, na asiye na kazi atakusindikiza mpaka mlangoni pake.

Kupona ndiyo kazi aliyoifanya Bi Sikudhani kwa miaka arobaini na miwili, na aliifanya kwa bidii kuliko alivyokaanga korosho.

Alizaliwa Mbuchi, delta kwenyewe, nyumba ikiwa na mpunga mbele na mikoko nyuma, na mbu pande zote. Waliomtangulia kuzaliwa walikuwa watatu, na wote walikufa kabla ya kutimiza miaka miwili, vidole vimevimba na macho yamekuwa manjano. Kwa hiyo yeye alipozaliwa hakuna aliyetarajia akae, na jina alilopewa linasema hivyo hivyo. Akakaa. Alipofika miaka saba mifupa ikamshika, akalia siku nne mfululizo, na siku ya nne ndipo alipoletwa mganga kutoka Ngarambe na mkoba wake wa ngozi. Mzee yule akachemsha mizizi, akamfunga hirizi mkononi, akampa miko miwili ya maisha: asile kambale, wala asichomwe sindano, kwa kuwa sindano ikiingia mwilini dawa hutokea tundu lile lile. Siku ya tano mtoto akaamka akaomba wali.

Kwamba maumivu ya namna ile huja yakaondoka yenyewe, dawa iwepo isiwepo, hakuna aliyekuwa na haja ya kulijua. Mzee aliletwa siku ya nne, bahati yake. Angeletwa siku ya kwanza angetoka pale mwongo, na mkoba wake ungerudi Ngarambe kimyakimya. Lakini aliletwa siku ya nne, kwa hiyo akaitwa bingwa.

Mzee alipofariki, mwanawe Fikirini alirithi vitu vitatu: mkoba, kinu, na Sikudhani. Mkoba ulikuwa umetoboka na kinu kilikuwa na ufa. Sikudhani ndiye aliyekuwa mzima. Fikirini akahamia Bungu, penye magari na watu wanaopita, na kila Jumanne ya gulio akawa anatandika turubai lake kati ya wauza mitumba na wauza vipuri vya baiskeli, anafunga kipaza sauti kwenye mti, kisha anaweka kiti kimoja cha plastiki, chekundu. Kiti kile hakukikalia mtu ila Bi Sikudhani.

Alikuwa na maneno yake, na aliyajua kama mtoto anavyojua jina la mama yake. Aliyaanza kwa sauti ya chini, watu wasogee. Akifika pale "mama akanifunika shuka, akasema huyu naye kaenda," alinyamaza. Alinyamaza kwa muda wa kutosha kina mama wa mbele kujifuta macho. Kisha alinyanyuka ghafla, akazunguka kiti mara moja, akapiga paja lake, akasema, "Mifupa hii hapa! Tangu siku ile haijaniuma hata chembe." Hapo vigelegele vilipigwa, na Fikirini akapita na mizizi yake.

Yeye hakulipwa. Angekuwa analipwa pengine angeacha mapema. Alichopata kilikuwa kitamu zaidi: kwenye harusi alitengewa sinia lake peke yake, wanawake wakubwa kwake kwa umri walimwamkia yeye kwanza, na wenye mimba waliletwa kumgusa mkono. Mtu akishaonja mambo hayo, kurudi kuwa muuza korosho tu ni adhabu.

Na mifupa? Mifupa ilimuuma. Tuseme ukweli, maana yeye hakuusema. Kila masika, baridi ya mvua ikiingia, maumivu yalimrudia miguuni na kiunoni, mara mbili mara tatu kwa mwaka. Siku hizo alifunga mlango kwa ndani, majirani wakaambiwa kaenda Mbuchi kutazama mpunga, kumbe yumo humo kitandani kaitia kanga kinywani anaiuma asisikike. Binti yake Subira ndiye pekee aliyejua, naye alifundishwa kunyamaza tangu utotoni. Wala Bi Sikudhani hakumlaumu mganga. Alijilaumu mwenyewe: bila shaka alivuta harufu ya kambale wa jirani. Katika mji ambao kila chungu cha pili kina kambale, kosa halikuwa gumu kupatikana.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka azikwe na sifa zake, kama si mjukuu wake, Fatu.

Fatu, mtoto wa Subira, ana miaka sita, mwembamba, mwenye maswali mengi. Vidole vyake vilivimba akiwa na miezi minane. Akiwa na miaka mitano Subira alimpeleka hospitali Kibiti, akapimwa, wakaambiwa ana seli mundu: chembe za damu yake hujipinda kama mundu wa kukatia mpunga na kuziba njia. Akapewa vidonge vya kumeza kila siku, na tarehe ya kurudi kila mwezi kupimwa damu.

Vidonge vikafika nyumbani vikakutana na Saadi.

Saadi, mume wa Subira, ni fundi simu. Ni kijana mwenye akili, wala huo si utani. Simu iliyolowa maji ya delta anaifungua vipande kumi na vinane na kuirudisha ikaita. Hakubali kununua betri mpaka aipime mara mbili kwa kifaa. Lakini alipowekewa vidonge mbele yake hakupima kitu. "Ushahidi ninao ndani ya ukoo," alimwambia mkewe. "Mama mkwe kaugua ugonjwa huu huu, kapona bila kidonge. Mie nimpe mwanangu sumu ya dukani kwa nini?" Akamwita Fikirini, mtoto akafungwa hirizi, akapewa miko yake miwili. Kambale basi, sindano basi. Na kwa kuwa kliniki ni sindano kila mwezi, kliniki nayo basi. Subira aliambiwa avitupe vidonge. Hakuvitupa. Alivificha, na kila siku alivitazama akaogopa kumpa mtoto, na akaogopa kutompa.

Mtu atauliza, kwa nini Bi Sikudhani hakumwita mkwewe pembeni akamwambia, baba, mie mifupa inaniuma bado? Anayeuliza hivyo hakukulia huku. Mkwe na mama mkwe wanaoneana haya. Saadi akimwona Bi Sikudhani njiani huacha njia akasimama majanini mpaka apite. Wakizungumza, kila mmoja anatazama kwingine, na maneno mazito hupitia kwa Subira. Katika miaka minane hakuna aliyewahi kumwona mwenzake akitafuna hata kipande cha muhogo. Pahala pekee ambapo Saadi alimsikiliza mama mkwe wake kwa sauti yake mwenyewe, kwa kituo, tangu mwanzo hadi mwisho, ni gulioni, nyuma ya watu, yeye akiwa kwenye kiti chekundu. Huko ndiko alikojifunzia habari za ukoo wa mkewe.

Isitoshe, tusimpake mafuta: Bi Sikudhani hakutaka kusema.

Subira alipokosa kliniki miezi miwili, akaja Bungu tabibu wa kliniki ile, Mwanabibi, mwanamke mfupi wa Ikwiriri mwenye mwendo wa haraka. Bungu walimwita daktari, kwa kuwa kila mwenye koti jeupe ni daktari. Hakugombana na Saadi. Alikwenda moja kwa moja kwenye karai la korosho.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nasikia uliugua ugonjwa wa mjukuu wako ukapona. Mie sijawahi kumwona aliyepona kwa mizizi. Ungekubali nikupime damu, tujue?"

Alitarajia matusi. Bi Sikudhani aligeuza korosho zake mara mbili, akauliza, "Majibu yanatoka kwenye karatasi?"

"Yanatoka."

"Yenye muhuri?"

"Yenye muhuri."

Macho yakamng'aa. Miaka arobaini na miwili amepona kwa maneno matupu, sasa serikali yenyewe imwandikie! Fikirini naye aliposikia muhuri hakuhitaji kubembelezwa. Palikuwa na kikwazo cha sindano, lakini mganga aliyefunga ndiye anayefungua: akafukiza ubani, akanong'ona, akatangaza kwamba mwiko wa sindano umelegezwa kuanzia Jumatatu alfajiri mpaka Jumatano magharibi. Wa kambale haukuguswa. Kwa hiyo ikawa watu wawili wasioamini hospitali wanaifuata hospitali iwathibitishie kwamba hospitali haina maana, na hakuna hata mmoja wao aliyecheka.

Alichomwa sindano Jumatatu, na kwa majibu aliitwa baada ya wiki mbili. Alikwenda kavaa doti mpya ya kanga na udi juu, akapanda gari mpaka Kibiti akiyapanga maneno atakayoongeza kwenye ushuhuda. Mwanabibi akafunga mlango wa chumba, akaketi karibu naye, si ng'ambo ya meza. Hapo Bi Sikudhani alianza kushuku.

"Bibi, bado unao."

"Nina nini?"

"Seli mundu. Ile ile ya Fatu. Hukupona, kwa sababu hii ni damu uliyozaliwa nayo, inatengenezwa mwilini kila siku."

"Mwanangu, mie nina miaka arobaini na tisa. Ndugu zangu wote waliokuwa nayo walikufa kabla hawajasema mama."

"Ndicho nilichotaka kukijua, kwa nini weye hukufa." Mwanabibi akaichukua karatasi. "Sikiliza. Mtoto akiwa tumboni ana damu ya namna yake, damu ya kichanga, na hiyo haijipindi. Akishazaliwa, kabla ya mwaka, mwili unazima swichi ya damu ya kichanga na kuwasha ya ukubwani. Kwa wenye ugonjwa huu, hiyo ya ukubwani ndiyo mbovu. Ndiyo maana ndugu zako walizaliwa wazima, wakaanza kuugua baadaye. Weye swichi yako haikuzimika sawasawa. Robo nzima ya damu yako bado ni ya kichanga, na hiyo robo ndiyo inayozizuia chembe nyingine zisijipinde."

Bi Sikudhani alitafuta pa kumwingiza mzee wa Ngarambe. "Basi ndiye aliyeifungua hiyo swichi. Kwa mizizi."

"Umezaliwa nayo, bibi. Watu tunarithi damu, halafu tunarithi na vijisehemu vidogo sana vinavyoiambia damu lini iwake, lini izime. Huwa tunatofautiana zaidi huko kwenye kuwasha na kuzima kuliko kwenye damu yenyewe. Mkoba haufiki huko."

"Na huu ugonjwa nani alitutupia?"

"Mbu, ukitaka wa kumlaumu. Mtu akirithi nusu moja tu ya damu hii, malaria haimuui kirahisi. Kwa hiyo huku delta, kwa karne na karne, wenye nusu waliishi wakazaa, nusu ikabaki. Subira ana nusu yako. Saadi ana nusu ya kwao. Kila mmoja mzima, wala hajijui. Fatu kapata zote mbili."

"Na swichi?"

"Swichi inarithiwa peke yake. Fatu hakuipata." Mwanabibi akampa karatasi. "Vile vidonge, bibi, kazi yake kubwa ndiyo hiyo. Vinajaribu kuirudisha damu ya kichanga. Vinampa mtoto kile weye ulichopewa bure."

Bi Sikudhani alikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye pindo la kanga. Njia nzima ya kurudi Bungu hakuwaza ugonjwa. Aliwaza kambale. Miaka arobaini na miwili! Kambale wa nazi wa harusi ya mdogo wake, kambale mkavu wa Mbuchi anayenukia nyumba tatu mbali, wote wamempita akiwatazama, na kumbe haikuwa na maana. Alikasirika hasira ya kweli, na aibu ilipokuja, ikakuta hasira imeshakalia nafasi.

Fikirini alikuwa akimsubiri kituoni. "Muhuri uko wapi?"

"Fundi, karatasi inasema bado ninao."

"Nimeuliza muhuri."

Akamwonyesha. Ulikuwa wa bluu, mviringo, umekolea vizuri. Fikirini akautazama kama anatazama mwezi wa Idi. "Nani gulioni anasoma hayo madude ya hospitali?" alisema. "Watu wanatazama muhuri." Jumanne ile karatasi ikatiwa kwenye nailoni ikatundikwa juu ya kiti chekundu: hati ya serikali inayosema Bi Sikudhani ni mgonjwa, imening'inia kuthibitisha kwamba kapona. Na Bi Sikudhani, akijua, alikwenda akaketi chini yake. Alisema maneno yote. Alinyamaza pale pa kunyamaza. Alipiga paja. Ni jambo baya kuliko yote aliyoyafanya maishani, na alilifanya kwa sauti nzuri.

Saadi alikuwa nyuma ya watu. Aliutazama muhuri kwa mbali, akatikisa kichwa kukubali, akarudi kwenye simu zake.

Wiki iliyofuata Fatu akaanguka. Homa, mifupa, kifua kikabana. Siku mbili Fikirini alimchemshia mizizi, na siku ya tatu Subira hakumwomba mtu ruhusa: mchana kweupe alimbeba mwanawe, akasimamisha bodaboda ya kwanza iliyopita, akaenda Kibiti na nguo za kupikia. Mtoto aliongezewa damu usiku na mchana. Akarudi duniani, lakini kwa taabu.

Bi Sikudhani alipofika wodini alimkuta Saadi nje ya mlango. Wakapeana migongo kama inavyopasa, na Saadi akauambia ukuta, "Kachomwa sindano, dawa imetoka yote. Akitoka hapa nampeleka Ngarambe kwenyewe, wamfunge upya." Bi Sikudhani aliuangalia ukuta mwingine, akaingia wodini.

Ndani, Mwanabibi alikuwa akikunja mpira wa damu. "Safari hii karudi, bibi," alisema polepole mtoto asisikie. "Akikaa tena bila vidonge, mie siwezi kukuahidi." Fatu alikuwa macho. Mkono uliokuwa na hirizi sasa ulikuwa na plasta.

"Bibi," alisema, "mie nimejitahidi sana kupona kama weye. Nimekosea wapi?"

Bi Sikudhani alikuwa na jibu la kila swali la watu wazima wa Bungu. Kwa hili alitoka nje, akaketi kwenye ngazi za wodi, akalia mpaka mlinzi akamletea maji. Alilia kwa uchungu, na kwa chuki ya nafsi yake, na safari hii hakuna aliyepiga vigelegele.

Jumanne alfajiri, Fatu akiwa ameshatoka wodini, Bi Sikudhani alinunua kambale. Hakununua mdogo. Alimtaka yule mwenye ndevu ndefu, akamkatakata mwenyewe, akamtia nazi, ndimu na pilipili, akampakua kwenye bakuli lenye mfuniko. Alimtuma mtu kwa Subira: mwambie mumeo leo asikose.

Watu walijaa kuliko kawaida, kwa kuwa habari za mtoto zilikuwa zimeenea na mganga alihitaji ushuhuda wa nguvu. Fikirini akapiga kelele kwenye kipaza sauti chake. Bi Sikudhani akaketi, akapakata bakuli, akafunua.

Harufu ilifika mbele kabla ya maneno. Mama mmoja akamvuta mwanawe nyuma. Bi Sikudhani akatia mkono, akatoa kipande cha mgongo, akala. Akatafuna taratibu, akatoa mwiba, akauweka pembeni. Saadi nyuma kule aligeuza uso haraka, si kwa sababu ya mwiko, ila kwa sababu ya haya, mama mkwe wake anakula hadharani mbele yake.

"Saadi," aliita. Kwa jina, mbele za watu. Gulio lote likashituka. "Usigeuke, baba. Leo nitazame ninavyokula."

Saadi akageuka. Masikio yalikuwa yamemwiva. Bi Sikudhani akala kipande cha pili, na cha tatu. Watu walisubiri aanguke. Waliokuwa nyuma walipanda juu ya marobota ya mitumba waone vizuri atakavyoanguka. Hakuanguka. Kambale alipungua chumvi kidogo, lakini hapakuwa na pa kulalamika.

Fikirini alichelewa kidogo tu. "Mmeona!" alipaza sauti. "Mmeona dawa ya marehemu baba! Hata kambale haiwezi kuivunja! Imekomaa!"

Na wakapiga vigelegele. Wallahi walipiga. Bi Sikudhani alibaki na mkono wenye mchuzi hewani. Miaka arobaini na miwili amewafundisha watu wa Bungu kuamini chochote kinachotoka kwenye kile kiti, na sasa aliona jinsi walivyofuzu.

Akasimama. Akaing'oa nailoni pale juu, mchuzi ukachafua kona. "Saadi, weye unasoma. Njoo uwasomee hii, na usiuangalie muhuri."

Saadi akapita katikati ya watu akaichukua. Alianza kwa sauti ya fundi anayemsomea mteja bei, kisha sauti ikapungua. "Sikudhani binti Shaban. Umri, arobaini na tisa. Kipimo cha damu, seli mundu." Akasimama. Akasoma tena kimoyomoyo, midomo ikicheza. "Ahudhurie kliniki kila mwezi. Tarehe..." Tarehe ilikuwa imeshapita.

"Sijapona," alisema Bi Sikudhani. Safari hii hakuanza kwa sauti ya chini, wala hakunyamaza pa kunyamaza. "Masika siendi Mbuchi. Nafunga mlango nauma kanga. Muulize mkeo. Nimezaliwa na kitu damuni kinachonibeba, si cha mkoba, na mwanao hakukirithi. Vile vidonge ndivyo vinavyompa. Nilijua tangu niliposhika karatasi hii, na nikaja nikakaa hapa nikakudanganya."

Fikirini alisema bibi kachanganyikiwa kwa kambale, na wapo waliokubali. Wengine waliondoka wakinung'unika kwamba wamepotezewa asubuhi. Mwanamke mmoja aliuliza kama korosho zipo. Saadi hakuwasikia. Aliikunja karatasi kwa mikunjo yake ile ile, akamtafuta mkewe kwa macho.

"Vidonge ulivitupa?"

"Vimo kwenye kopo la bizari," alisema Subira.

Jumanne iliyofuata kiti chekundu kilikaliwa na bwana mmoja aliyepona kiharusi. Anachechemea bado, lakini anasema vizuri, na watu wanalia. Bi Sikudhani hatengewi tena sinia. Wanawake wanamwamkia kwa zamu yake. Saadi anaacha njia akimwona, kama zamani, ila sasa akiwa majanini huuliza, akitazama pembeni, kama mifupa imelala salama.

Kliniki wanakwenda wawili, bibi na mjukuu, Jumatatu ya kwanza ya mwezi, na hukaa kwenye benchi moja kusubiri kupimwa. Siku ya kwanza Fatu alikataa kutoa mkono mpaka bibi yake atangulie. Bi Sikudhani akakunja mkono wa baibui, Mwanabibi akafunga mpira, sindano ikaingia. Mtoto alikuwa akimchunguza uso kwa karibu sana.

"Bibi, inauma?"

Mdomo wa Bi Sikudhani ukafunguka wenyewe kutoa jibu la miaka yote. Akaufunga.

"Inauma," alisema.

Fatu alifikiri kidogo, kisha akanyoosha mkono wake.